Naombeni ushauri, mshale wa uzito gani unafaa kwa elki?

Wakuu habari zenu, niko Colorado, msimu wa kuwinda elki (wale kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini) kwa upinde huku ni Septemba so nataka nijipange mapema. Upinde wangu ni ule wa roda (compound, kamba inapita kwenye magurudumu madogo nchani), mvuto paundi 60, mshale mzima pamoja na chembe chake (ile ncha yenye makali) ni greni 380, kama gramu 25 hivi. Mwaka jana nilimpiga dume mita 30, ukagonga mfupa wa bega, baadaye nikauokota kwenye majani, damu imeshika upana wa vidole viwili tu mbele, yaani haukuzama, na chembe kimepinda, tukafuata nyayo mpaka giza hatukumpata. Inaniuma mpaka leo jamani, mnyama kateseka bure.

Sasa nafikiria kupanda hadi mshale wa greni 480 au 500, najua mzito unaenda taratibu na unashuka zaidi ila ukishagonga unaendelea kusukuma, halafu hata upinde unapunguza kelele. Shida, nikifunga chembe kizito mbele ule ufito wa mshale, wa kaboni, si utapinda sana ukitoka kwenye kamba? Ninunue ufito mgumu zaidi au niongeze chembe tu? Aliyewahi kuangusha elki kwa paundi 60 anisaidie.