Mrejesho: lile bakuli lililochomoka kwenye mashine ya kukereza
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini bakuli lilichomoka kwenye taya za mashine, zile zinazobana mbao, likapita karibu kabisa na uso wangu. Mlioniambia nikague ulimi wa mbao (kile kishina cha chini kinachobanwa na taya) mlikuwa sahihi: ulikuwa mrefu mno, ukagota ndani kabla bega la mbao (ukingo unaozunguka ulimi) halijakaa juu ya taya, ndiyo maana lilikuwa linacheza. Nimeufupisha na kuuchonga ufuate umbo la taya. Sasa nakaza, nazungusha kwa mkono, nakaza tena, natoa ufunguo wa kukazia taya, naegemeza mbao kwa egemeo la nyuma la mashine, ndipo nawasha kwa mwendo mdogo nikiwa nimesimama pembeni. Ngao ya uso nimeshanunua. Jana nimemaliza mabakuli mawili, hakuna lililotikisika. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza habari ya ufunguo.