Naomba ushauri: jumla ya kilo inabaki 0 kwenye Elixir
Habari wakuu. Niko Masasi, Mtwara, naandika programu kwa Elixir (lugha ya kuandikia programu) ya kujumlisha kilo za korosho zinazopokelewa ghalani. Nimeanza na jumla = 0, kisha ndani ya Enum.each (inayopitia orodha, gunia moja moja) nikaweka jumla = jumla + kilo. Nikichapisha humo ndani naona uzito wa gunia moja moja tu. Nikitoka nje, 0 ileile!

Nimeshaelewa kwamba jumla ya ndani ni jina jipya, linaishia humohumo, ile ya nje haiguswi. (Erlang, lugha ambayo Elixir imejengwa juu yake, ndiyo inakataa kabisa jina kupewa thamani nyingine.)

Sasa nitumie Enum.reduce (inayobeba jumla kutoka gunia moja hadi jingine), au niandike fanksheni (function) inayojiita yenyewe? Magunia ni maelfu, na mkulima akipunjwa hata kilo moja inaniuma. Nielekezeni jamani.