Ukoo wa Mwatate: Gumzo la Alhamisi Jioni

Dada Mkubwa, saa 1:05 jioni
Wakubwa shikamooni, na wadogo nawasalimu. Ni kuhusu ndugu yetu Baba Zawadi na pombe. Leo nimewapigia NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa nambari 1192, ambayo haina malipo, kisha nikampata mwanachama mmoja wa AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapa Nairobi, ambaye sitamtaja jina kwa sababu wao wenyewe hawatajani nje ya mikutano. Jumamosi saa 12 jioni kuna mkutano katika chumba wanachokodi kwenye kanisa lililo karibu na anakoishi. Ni mkutano wa wazi, kwa hiyo hata sisi tusiokunywa twaweza kuketi na kusikiliza. Ile ya ndani huingia wenye tatizo peke yao. Namtafuta mtu wa kumsindikiza, na naomba majibu kabla ya saa 3.

Dada Mkubwa, saa 1:48 jioni
Naona mnasoma na kunyamaza.

Binamu wa Voi, saa 1:50 jioni
Mimi nauliza tu kwa niaba ya wengi: je, huko kuna chai na mandazi?

Mjomba, saa 1:52 jioni
Kama kuna mandazi, Binamu naye ataungama kwamba ni mlevi, ilhali hata pombe ya mbangara ya harusi ya Mama Neema ilimlaza kwa kikombe kimoja.

Binamu wa Voi, saa 1:53 jioni
Kikombe kile kilikuwa kikubwa, Mjomba, na mashahidi wapo.

Dada Mkubwa, saa 1:58 jioni
Jambo hili si la mzaha. Chai huwa ipo.

Mama Neema, saa 2:04 usiku
Kabla hatujaombwa mchango mwingine, ningependa Baba Mdogo, aliyekuwa mweka hazina, atueleze zilikokwenda fedha za ile nyumba ya matibabu, kwa kuwa tulilipia miezi mitatu, mgonjwa akatoka kabla ya muda, na hadi leo hatujaonyeshwa hata risiti moja.

Baba Mdogo, saa 2:11 usiku
Risiti zilikuwa katika begi lililopotea siku ile ya Maungu, na wewe, Mama Neema, ulikuwepo na unajua ni nani aliyelishika mara ya mwisho.

Mama Neema, saa 2:12 usiku
Ya Maungu tusiyaanze.

Dada Mkubwa, saa 2:15 usiku
Hakuna mchango wowote. AA haitozi ada. Wanachama wenyewe hupitisha kikapu ili kulipia chumba na chai, na mgeni hadaiwi. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni mtu kutaka kuacha kunywa. Utaratibu huu ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, dalali mmoja wa hisa na daktari mmoja wa upasuaji, wote wawili walevi, walipogundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mke, padre au dada mkubwa. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi.

Shemeji wa Mombasa, saa 2:20 usiku
Dada, samahani, mkutano ukiwa kanisani na zile hatua 12 za AA za kuacha pombe zikimtaja Mungu, sisi Waislamu tutaeleweka vipi tukimsindikiza?

Dada Mkubwa, saa 2:23 usiku
Kanisa ni mwenye nyumba tu, Shemeji. Hatua zenyewe husema Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu, na hakuna anayeulizwa dini yake mlangoni.

Mpwa Muuguzi, saa 2:31 usiku
Shangazi, naomba tuanze hospitali. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asikatishwe pombe ghafla nyumbani, kwa sababu mikono huanza kutetemeka saa chache tu baadaye, na katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata degedege. Wengine siku ya pili au ya tatu huona vitu visivyokuwepo, na wapo wanaokufa. Daktari humpa dawa za kumtuliza, akizipunguza hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1. Hospitali ya Mathari, Nairobi, wana kitengo cha waraibu. Mkutano humsaidia mtu asirudie kunywa, lakini hautibu degedege.

Dada Mdogo, saa 2:40 usiku
Dada, unakumbuka kwamba Baba Zawadi yumo humu?

Dada Mkubwa, saa 2:41 usiku
Nakumbuka. Nimechoka kumsema pembeni.

Mjukuu wa Mwatate, saa 2:57 usiku
Haya ni maneno ya Bibi. Nimemsomea yote, naye ameniagiza niandike anavyosema:
«Baba yenu nilimzaa mimi, na pombe ikanizikisha. Miaka yote tulimkalia vikao, yeye akiwa chumba cha pili anatusikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza anataka nini. Huyu msimpeleke kama mbuzi wa mnada. Mwulizeni, kisha mnyamaze.»

Mjomba, saa 3:20 usiku
Tumesikia, Mama.

Dada Mkubwa, saa 3:34 usiku
Baba Zawadi, ndugu yangu, ungependa kwenda?

Baba Zawadi, saa 4:46 usiku
Nimesoma tangu mwanzo. Jumamosi nina kazi ya mtu Kitengela na sijui itaisha saa ngapi. Hospitali nitakwenda nikiwa na Mpwa, si na Dada. Huo mkutano nitumie mahali ulipo, lakini usinitumie humu.

Dada Mkubwa, saa 4:47 usiku
Nimekutumia. Mpwa, Ijumaa asubuhi una nafasi? Kuna pia Al-Anon, ambayo ni mikutano ya jamaa za walevi, na nadhani mimi na Mama Neema tunaihitaji.

Mama Neema, saa 4:55 usiku
Jisemee mwenyewe.

Mpwa Muuguzi, saa 11:40 alfajiri
Nilikuwa zamu. Ijumaa ndiyo leo, Shangazi, nami natoka kazini saa 2. Sijui kama ataamka.

Binamu wa Kisumu, saa 12:15 asubuhi
Ndiyo kwanza naamka, nakuta jumbe zimejaa. Ni nani aliyefariki?

Dada Mkubwa, saa 12:16 asubuhi
Hakuna aliyefariki. Soma kuanzia juu.