Mrushaji bora wa besiboli wa nyakati zote: mnapimaje?

Mpenda_Namba

Wakuu, salaam. Mjadala wa mrushaji bora kuwahi kutokea kwenye ligi kuu za besiboli za Marekani hauishi, na kila mtu anakuja na namba yake mkononi. Wa Cy Young wanataja ushindi 511. Wa Nolan Ryan wanataja straikauti (wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu) 5,714. Wa Bob Gibson wanasema ERA (wastani wa mikimbio, yaani pointi, anayoruhusu mrushaji kwa mechi nzima) ya 1.12 mwaka 1968, mjadala umefungwa. Halafu unakuta wachambuzi wanamweka Pedro Martínez wa mwaka 2000 juu ya wote hao, na ERA yake ilikuwa 1.74. ERA ndogo ndiyo nzuri, sasa 1.74 inaishindaje 1.12? Na ushindi 511 tunautupa wapi? Naomba hoja zenye hesabu. Ushabiki tumeshaushiba.

Kilima_Kirefu

Mkuu, anza na hesabu yenyewe. ERA ni mikimbio aliyoisababisha mrushaji mwenyewe, ukiondoa inayotokana na makosa ya wenzake uwanjani, mara 9, gawanya kwa iningi alizorusha (iningi ni kipindi cha mchezo, na mechi ina tisa). Gibson: mikimbio 38, iningi 304 na theluthi mbili. 38 × 9 ni 342, gawanya kwa 304.67, unapata 1.12. Pedro: mikimbio 42, iningi 217. 378 kwa 217 ni 1.74.

Hapa wengi huteleza: kwenye takwimu za besiboli iningi 304.2 maana yake ni iningi 304 na wapigaji wawili waliotolewa kati ya watatu. Si desimali. Ukiingiza 304.2 kwenye kikokotoo umeshakosea. Kwa Gibson kosa halionekani kwa sababu iningi ni nyingi, lakini kwa mrushaji mwenye mikimbio 4 na iningi 10.2, ERA ya 3.38 inakuwa 3.53.

Sasa jiulize wenzao mwaka uleule walipata ngapi. Mwaka 1968 kilima cha mrushaji, tuta analosimamia akirusha, kilikuwa na kimo cha inchi 15, kama sentimita 38, na eneo la straiki, yaani pale ambapo mpira usiopigwa huhesabiwa dhidi ya mpigaji, lilianzia juu ya mabega likashuka hadi chini ya magoti. Mpira unakuja kutoka juu, na mwamuzi anakubali karibu kila kitu. Wastani wa ERA katika Ligi ya Taifa nzima, ligi ya Gibson na moja ya ligi kuu mbili, ulikuwa 2.99. Kule Ligi ya Amerika, Carl Yastrzemski alikuwa bingwa wa wapigaji kwa wastani wa .301 (hiti, yaani mapigo yaliyofanikiwa, kama 30 kwa kila majaribio 100), na hakuna mwingine aliyefika .300. Wakubwa wa ligi waliona mchezo unakufa, mwaka 1969 wakakishusha kilima hadi inchi 10 na kulipunguza eneo la straiki. Kimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Pedro alirusha kwenye enzi ya wapigaji wenye misuli. ERA ya Ligi ya Amerika mwaka 2000 ilikuwa 4.91. Aliyemfuata kwenye orodha ni Roger Clemens, mwenye 3.70. Mtu wa kwanza na wa pili wanaachana karibu mikimbio miwili! Tena uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Fenway Park wa Boston, wenye ukuta wa kushoto ulio futi 310 tu kutoka hom, pale anaposimama mpigaji, na urefu wa ukuta ni futi 37: mipira mingi ambayo kwingine ingedakwa, pale inagonga ukuta na mpigaji anafika besi ya pili. Na kwa kuwa Ligi ya Amerika ilianza kutumia mpigaji maalum, anayepiga badala ya mrushaji, mwaka 1973, Pedro hakupata pumziko. Gibson kila baada ya watu wanane alikuwa anakutana na mrushaji mwenzake ameshika gongo.

Kwa hiyo gawanya kila mmoja kwa ligi yake. Gibson ni asilimia 37 na nusu ya wastani, Pedro 35 na nusu. Ukirekebisha na viwanja, ndipo unapata ERA+, ambayo 100 ni mtu wa kawaida: Gibson 258, Pedro 291. Hiyo ndiyo siri yote.

Iningi_Tisa

Naikubali nusu. Kilima_Kirefu kaikwepa namba moja: iningi. Gibson alianza mechi 34 na kumaliza 28 mwenyewe. Sita zilizobaki alitolewa ili aingie mpigaji wa kubadilisha, apige badala yake, hakuna aliyemwondoa kwa kuzidiwa. Katika hizo 28 alizomaliza, 13 wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja. Pedro alianza 29, akamaliza 7. Tofauti yao ni iningi 87 na theluthi mbili, karibu mechi kumi nzima ambazo Boston walilazimika kumpa mtu mwingine arushe, na huyo mwingine hakuwa Pedro. Ubora wa kila iningi, sawa, Pedro. Thamani ya msimu mzima kwa timu, mimi bado nasimama na Gibson.

Kuhusu ushindi, mkuu, usiuamini sana. Gibson huyohuyo wa 1.12 alipoteza mechi 9. Tarehe 17 Septemba 1968 aliruhusu mkimbio mmoja tu, akashindwa 1–0 kwa sababu Gaylord Perry wa San Francisco aliwanyima Cardinals, timu ya Gibson, hata hiti moja. Ushindi ni kazi ya gongo la wenzako kama ilivyo ya mkono wako. Wapiga kura nao walichelewa kulielewa hilo: mwaka 2010 Félix Hernández alipewa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa mwaka, akiwa ameshinda 13 na kupoteza 12, mwaka 2018 Jacob deGrom akaipata kwa 10–9 na ERA ya 1.70.

Cy Young mwenyewe ndiye pia aliyepoteza mechi nyingi kuliko mrushaji yeyote. Alirusha iningi 7,356 kati ya 1890 na 1911, enzi ambayo mrushaji alipanda kilimani baada ya siku mbili tatu na mpira mmoja ulichezewa hadi ulainike kama chungwa bovu. Hom ran, mapigo yanayovuka ukuta, zilikuwa adimu, kwa hiyo mrushaji hakuwa na haja ya kutumia nguvu zote kwa kila mpigaji. Heshima yake ipo palepale, ila 511 haifikiwi tena kwa sababu kazi yenyewe haipo tena.

Ryan nitapita haraka. Straikauti 5,714, rekodi. Besi za bure (mpigaji anapewa besi ya kwanza baada ya mipira minne mibaya) 2,795, nazo rekodi. ERA+ 112, tuzo ya Cy Young sifuri. Moto mkali, chakula nusu kibichi.

Dada_Slaida

Kaka zangu mmebishana msimu mmoja mmoja tu, wakati swali ni la nyakati zote. Kwa maisha mazima jina langu ni Walter Johnson wa Washington, 1907 hadi 1927: ushindi 417, mechi 110 bila kuruhusu mkimbio, ERA+ 147 kwa zaidi ya iningi 5,900. Mariano Rivera ana ERA+ 205 na sevu 652 (mechi alizoingia mwishoni akalinda uongozi), lakini iningi zake hazifiki 1,300, na karibu kila mara aliingia iningi ya mwisho akiwa hajachoka. Nampa ufalme wa idara yake, si wa nyumba nzima.

Sandy Koufax aliongoza kwa ERA miaka mitano mfululizo, 1962 hadi 1966, kisha kiwiko kikamstaafisha akiwa na miaka 30. Ila kabla ya kumtawaza, kumbukeni alirushia Dodger Stadium, ambapo ERA yake ilikuwa 1.37. Uwanja ule ulikuwa rafiki wa warushaji, na kilima kilikuwa kilekile kirefu.

Na kuna doa ambalo ERA+ hailifuti. Johnson alirusha kwenye ligi iliyowafungia mlango Weusi. Wapigaji bora wa Kiweusi wa siku zake hakukutana nao kwenye mechi za ligi hata mara moja. Upande wa pili wa mlango ule alikuwepo Satchel Paige. Alipofunguliwa mlango Julai 1948 na timu ya Cleveland alikuwa na miaka 42, na bado alishinda 6 akapoteza 1 kwa ERA ya 2.48. Takwimu za ligi za Weusi zimeingizwa kwenye vitabu rasmi mwaka 2024, lakini mechi nyingi za Paige zilikuwa za maonyesho mijini na hazihesabiwi. Ndiyo maana nikimtaja Johnson wa kwanza, namtaja na kinyota pembeni.

Clemens? Tuzo saba za Cy Young, jina lake likatokea kwenye ripoti ya dawa za kuongeza nguvu ya 2007, na wapiga kura wakamnyima Jumba la Heshima miaka yote kumi. Kila mtu apime mwenyewe.

Mpenda_Namba

Nimeelewa, asanteni sana. La mwisho: kwa vijana wanaojifunza, kama wale wa Uganda waliofika fainali za dunia za watoto kule Williamsport mwaka 2012, nani wa kuigwa kati ya hawa?

Kocha_wa_Jioni

Greg Maddux, bila kufikiri. Mwaka 1995 alirusha iningi 209 na theluthi mbili akatoa besi za bure 23 tu, na hakuwa na kasi ya kutisha. Mtoto hawezi kuiga mkono wa Ryan, lakini anaweza kujifunza kulenga kona ya sahani, lile bamba la hom.

Mpira wa kupinda uache kwanza. Mfundishe chenjapu ya duara, mpira wa polepole wa kumdanganya mpigaji, ile iliyompa Pedro jina: kidole cha shahada na gumba vinakutana ubavuni mwa mpira kama duara, vidole vitatu vilivyobaki vinakaa juu, mpira unaingia ndani zaidi ya kiganja. Mshiko ndio unaopunguza kasi, mkono uje vilevile kama wa mpira wa kasi. Kosa la kila anayeanza ni kulegeza mkono. Mpigaji akiuona umelegea, anasubiri tu. La pili ni kuukaba mpira sana, na mpira unachimba ardhi kabla ya sahani.

Na hesabu mipira anayorusha mtoto. Kanuni za Little League, ligi ya watoto, ni 75 kwa siku kwa miaka 9–10, na 85 kwa miaka 11–12. Akirusha 66 au zaidi, apumzike siku nne. 51 hadi 65, siku tatu. 36 hadi 50, mbili. 21 hadi 35, moja. Akilalamika maumivu upande wa ndani wa kiwiko, mtoe siku hiyohiyo hata kama hesabu haijafika. Hapo ndipo ilipo kano iliyompeleka mrushaji Tommy John kwenye upasuaji mwaka 1974.