Madizaina wa fonti za mikwaruzo, mnatutia hasara sisi wachapaji

Wakuu, heshima kwenu. Leo sizunguki. Nina ofisi ndogo ya kuchapa tisheti, stika na mabango hapa Kariakoo, na nimechoshwa na madizaina wanaoleta kazi zimejaa fonti za mikwaruzo: zile zenye kingo zilizolika, nyufa na vumbi ndani ya herufi, zionekane zimepigwa zamani juu ya kreti la mbao. Kazi ikitoka, lawama zote zinamwangukia mchapaji.

Juzi kaja mama mmoja, kiongozi wa kwaya, kuchukua tisheti za tamasha lao. Kashika moja, kakwaruza herufi kwa kucha, kaniangalia. "Mwanangu, mbona rangi imeshabanduka na hata hatujafua?" Nikamwambia, mama, haijabanduka, ndivyo dizaina wenu alivyoleta. Hakunielewa, na kwa nini anielewe? Yeye alichoomba ni jina la kwaya lisomeke na aliyekaa benchi la nyuma. Nusu ya hela kagoma kulipa. Dizaina nampigia, hapokei mpaka leo.

Fonti hizi zina kazi yake, tena zikitumika vizuri nazipenda. Posta ya pambano la ngumi, jim, shoo ya hip-hop, neno moja au mawili, herufi zenye ukubwa wa kiganja. Hapo ufa unaonekana ni ufa. Ukishusha ukubwa, ule ufa unakuwa uchafu tu. Sasa mtu anaandika tarehe, kiingilio, ukumbi na namba ya simu kwa fonti hiyohiyo! 3 na 8 zikishalika kingo hazitofautiani, mteja anampigia mtu asiyehusika. Kuna mwingine kaniletea tangazo la kliniki ya watoto kwa Chiller, ile inayokuja na Office, herufi za sinema za kutisha. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa aione hiyo getini?

Mnaobisha njooni muone kazi yenyewe. Skrini ya tisheti ninayotumia, yaani kitambaa cha wavu kwenye frem kinachopitisha wino, ni ya nyuzi 43 kwa sentimita. Kinukta kidogo kuliko tundu la kitambaa hakishiki, na vitundu vyembamba ndani ya herufi vinaziba wino ukishapiga tisheti chache. Unaosha frem, unaanza upya. Kwenye stika ndiyo balaa. Herufi I iliyo safi ina nodi 4 tu, yaani nukta zinazoshika mstari wa herufi, hapa ni kona zake nne; plota, mashine ya kukata stika, inaikata mara moja imekwisha. I ya mikwaruzo ina nodi mamia, na plota inakata kila kipunje kana kwamba nacho ni herufi. Vipunje vinang'oka, vinanasa kwenye kisu, kisu kinaburuza stika nzima. Halafu kijana wangu anakaa na kibano anachomoa vipande mpaka giza linaingia. Hela ya kibano nani analipa?

Na hata huo uchakavu wenyewe hamuufanyi vizuri. Andika KARIAKOO kwa fonti ya bure ya mikwaruzo. K mbili, A mbili, O mbili, na zile O zimekaa pamoja zina ufa uleule, mahali palepale. Kitu kilichochakaa kweli hakichakai hivyo. Tatizo hili lina dawa muda mrefu. Erik van Blokland na Just van Rossum, Waholanzi, walitoa Beowolf mwaka 1990, fonti iliyobadilisha kingo za herufi kila ilipochapwa, ili zisijirudie. Nyingi za siku hizi zina A kubwa na a ndogo zenye umbo moja ila mikwaruzo tofauti. Changanya tu: KARIakOo, kila herufi inapata majeraha yake. Hilo nalo ni gumu? Bora zaidi, andika kwa fonti nene iliyo safi, kisha pitisha mikwaruzo mara moja juu ya maneno yote, kwenye saizi ileile itakayochapwa. Faili la kadi ukilivuta mpaka bango la mita 6, kale kavumbi kanakuwa shimo la kupitisha ngumi.

Halafu ng'ombe. Fonti nyingi za bure hazina alama ya ritifaa, ile ya juu kwenye ng', nyingine hazina hata tarakimu. Bucha inaletewa "NYAMA YA NG□OMBE", kiboksi katikati, na dizaina hakukiona kwa sababu hakusoma kazi yake. Lugha yetu haidai herufi za ajabu, ni hiyo ritifaa tu, na bado inawashinda kukagua!

Leseni ya fonti sitaki hata kuanza. Imeandikwa bure kwa matumizi binafsi, wewe unaiweka kwenye nembo ya duka la mtu na unamtoza.

Kuanzia sasa, faili lenye namba ya simu kwa fonti ya mikwaruzo nalirudisha, na stika za aina hiyo bei inapanda. Mteja nitampigia mwenyewe nimweleze sababu, asije akadanganywa kwamba mchapaji ni mvivu.

Wachapaji wa Arusha, Mwanza na hapa Dar, ninyi mnafanyaje? Mnatoza hela ya kusafisha faili au mnarudisha? Na hasara ya tisheti kama za huyu mama mnamdai nani?