Naomba ushauri: asili ya kilimo cha ngoro Umatengo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Ninaandika historia ya kilimo cha Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, nami nimekwama. Ngoro ni mashimo yanayotengenezwa kwenye miteremko kwa kulaza nyasi zilizofyekwa katika umbo la miraba, kisha kuzifunika kwa udongo, hivyo maji hutuama na ardhi haimomonyoki. Kwenye matuta yake hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Wazee niliozungumza nao wanahitilafiana: baadhi wanasema ufundi huu ulizaliwa pale mashambulizi ya Wangoni, katika karne ya 19, yalipowasukuma mababu zao milimani, ilhali wengine wanashikilia kwamba ulikuwapo kabla. Nimejaribu kuhesabu vizazi vya koo mbili, lakini hesabu hazikulingana. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa wazee wenyewe wanazidi kupungua.

Je, ipo njia ya kuaminika ya kukadiria umri wa ngoro pasipo maandishi? Na aliyewahi kusoma kumbukumbu za Wabenediktini (watawa wa Kikatoliki) wa Peramiho, walioanzisha misheni yao mwaka 1898, je, zinagusa kilimo cha wenyeji?

Natanguliza shukrani.