Kahawa ya barafu ya kusaga na blenda kama ya mkahawani, nyumbani inatokaje?

dada_wa_malindi: Hamjambo wana pwani. Kaskazi hii ya Malindi jua halina huruma, na ile kahawa ya barafu nzito ya kuvuta na mrija ukiinunua kila siku mkahawani pesa zote zinaishia huko. Nataka niwe natengeneza mwenyewe. Napika kahawa ya unga, natia maziwa sukari na barafu nasaga, lakini punde si punde ishajigawa, povu juu maji chini na ladha ya kahawa huisikii. Na bila mashine ya espreso itawezekana kweli?

bi_mkubwa_lamu: Mwanangu yawezekana sana. Kahawa ikiingia na moto wake barafu inayeyuka pale pale, na yale maji ndio yanaua ladha. Pika kahawa nzito mara mbili ya unayokunywa, iache ipoe kabisa halafu nyingi yake igandishe kwenye trei za barafu. Kesho yake saga hiyo barafu ya kahawa, hata ikiyeyuka inakuwa ni kahawa tu. Glasi mbili chukua kahawa baridi nusu kikombe, maziwa baridi nusu kikombe, barafu ya kahawa kikombe na nusu. Sukari kavu usitie, kwenye baridi haiyeyuki inabaki inakwaruza ulimi. Pika shira nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, ikishachemka na sukari kupotea epua, isifike kunata kama ya kaimati.

kijana_wa_kaunta: Shangazi amesema kweli tupu. Mimi naongeza ya mkahawani: kinachozuia isijigawe ni zanthani gamu, unga mweupe wanaouza kwenye maduka ya vifaa vya keki. Nusu ya robo kijiko cha chai kwa glasi mbili, changanya na shira kwanza usifanye madonge, na usizidishe maana itavutika kama bamia. Hata Frappuccino, ile kahawa ya barafu ya kusaga ya mikahawa ya Starbucks ya Marekani, iliyoanzia kwa mikahawa ya Coffee Connection kule Boston kabla Starbucks hawajawanunua 1994 na kuanza kuiuza wenyewe 1995, siku hizi inatiwa hiyo hiyo. Ukiikosa tia aiskrimu ya vanila kijiko kikubwa. Espreso si lazima, tafuta moka, ule mdila mdogo wa Waitaliano wa kuweka jikoni, inatoa kahawa nzito inayotosha kabisa. Na blenda kama ni ndogo tia vya majimaji kwanza, barafu ifunge kwenye taulo uiponde na mchi kabla ya kuitia, la sivyo utaunguza mota.

mla_kaimati: Mimi hiyo gamu siitaki, maziwa ya kopo yale mazito matamu yanatosha na shira unaiacha. Lakini jamani mbona hakuna aliyetaja kahawa tungu, ile kahawa chungu yetu ya pwani? Igandishe na tangawizi yake na iliki, usage na maziwa, wallahi hiyo ya mkahawani utaisahau.

dada_wa_malindi: Ahsanteni sana wapenzi, trei nimeshajaza. Ila tangawizi na maziwa si yatakatika?

bi_mkubwa_lamu: Hayakatiki mwanangu, inayokata maziwa ni tangawizi mbichi. Ikichemka vizuri pamoja na kahawa nguvu hiyo inaisha. Ichuje na kitambaa kabla hujaigandisha, maana machicha yakiingia kwenye blenda utayatafuna mpaka mwisho wa glasi.